Boti zifungwe nyuma ufukoni au mbele? Tujadili bila matusi

Mwana wa Mwalo: Wakuu, salamu. Mwalo wetu, pale boti zinapotia na kushusha mizigo, uko Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda, wengi mnaujua. Kamati imepitisha kwamba mwezi ujao kila boti yenye injini ifungwe kinyumenyume: nanga mbele, majini, na nyuma iangalie nchi kavu. Sababu yao ni nafasi. Boti ya futi 28 ikilala ubavu inakula ufuko wote, wakati zikipangana migongo zinaingia nne au tano pale pale. Asiyetii haruhusiwi kushusha mzigo. Mnaonaje? Binafsi sijawahi kufunga hivyo.

Injini40: Kamati haijawahi kushika kamba hata siku moja. Ukiingiza pua ufukoni nafasi si ni ileile? Upana wa boti haubadiliki kwa kugeuzwa!

Bwana Tanga: Ndugu zangu, hili si geni duniani. Bandari za Mediterania hufunga hivi tangu zamani, kwa sababu maji yao hayapandi wala kushuka sana. Kwetu Mombasa bamvua ikikupwa, maji yanashuka zaidi ya mita 3, ukifunga kamba fupi unaikuta mashua inaning'inia. Ziwa halina shida hiyo. Unaangusha nanga ukiwa bado mbali na nchi, kiasi cha urefu wa mashua yako mara tatu au nne, unarudi polepole huku mwenzio akilegeza amari, yaani kamba ya nanga, kisha unatoa kamba mbili za tezi, moja kila upande. Kosa la wengi ni amari fupi. Maji ya mita 3 yanataka kamba ya mita 15 na zaidi, la sivyo nanga inakokota tu. Omo ikishasimama vizuri, tezi haina pa kwenda.

Injini40: Tezi? Mimi tezi najua ni ile ya shingoni, mtu anapelekwa kupasuliwa. Na Omo ni sabuni. Hapa Uganda boti ina mbele na nyuma, mzee. Usituletee Umombasa.

Bwana Tanga: Kijana, "tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hiyo ilikuwako kabla injini yako haijaundwa. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji unayoyachota kila asubuhi kwa kopo. Kutojua si dhambi. Kujivunia kutojua ndiko kunakonikera.

Mama Mukene: Naomba niseme la mzigo. Mwezi uliopita tuliingiza pua ufukoni saa tisa mchana, upepo wa ziwa ukaja kama kawaida yake. Nyuma ya boti imekatwa chini ili injini ikae, sasa mawimbi yalipitia hapohapo. Magunia sita ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, yalilowa. Kama boti ingeangalia ziwa, wimbi lingepasuliwa na pua. Kuna aliyelifikiria hilo?

Afande Mstaafu: Injini40, mimi Kiswahili nilikisomea kambini, miaka ambayo tukikizungumza sokoni watu wanaficha mihogo. Wakisema ni lugha ya wezi na askari. Leo ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe lazima shuleni. Watoto wako watarudi nyumbani na tezi na omo, utafanya nini?

Injini40: Nitawapeleka hospitali 😂

Masese Junior: Afande, mwalimu wa hicho Kiswahili yuko wapi? Shule ya mwanangu anafundisha mwalimu wa michezo, naye anasoma ukurasa mmoja mbele ya watoto.

Afande Mstaafu: Angalau anasoma. Wewe unaandika "boti" na unaona umemaliza. Mashua ni nini? Mtumbwi ni nini? Ngalawa?

Masese Junior: Ngalawa ina mabawa mawili pembeni, iko pwani, haiko hapa! Basi tuendelee kubishana habari za chombo ambacho hakipo ziwani.

Bwana Tanga: Si mabawa, ni matengo.

Masese Junior: Haya, matengo. Turudi kwenye hoja. Ubaya wa kurudi nyuma ni rafadha, ile pangaboi ya injini. (Umeona, Bwana Tanga? Nami najua.) Ufukoni kina ni cha magoti. Ukiishusha injini inalima mchanga, ukiiinua hairudi nyuma ipasavyo, inapiga povu tu. Wanaofanya hivyo kwetu wanazima mapema wanamalizia kwa pondo. Isitoshe, maji yalipopanda 2020 yalimeza vibanda, na vigingi vyake vingine bado viko chini. Juzi jirani yangu amekata jani moja la rafadha kwenye nguzo iliyokuwa ya kibanda cha chapati.

Jirani wa Bukoba: Yale maji yalikuwa 2019.

Masese Junior: Mvua zilianza 2019. Kipimo cha maji ya ziwa cha Jinja kilifika kilele cha mafuriko yale Mei 2020, kikapita rekodi ya 1964 kwa nywele. Mimi nilikuwa nalala juu ya meza, usinifundishe.

Jirani wa Bukoba: Samahani kaka. Huku nasi tulilala juu ya meza.

Mama Mukene: Na mawimbi?

Injini40: Mimi nawaambia jambo ambalo kamati hawataki kulisikia: wezi. Injini ikiangalia ziwa, mwizi lazima alowe na aonekane. Ukiigeuzia nchi kavu, anakuja na spana amevaa viatu vyake, hata soksi hazilowi. Injini ya farasi 40 ni nyumba ya mtu.

Mwana wa Mwalo: Lakini Injini40, kwa kawaida si unaifungua jioni unaipeleka nyumbani? Tena ikiwa upande wa nchi kavu hauhitaji kuibeba majini kifuani.

Injini40: Ninaibeba mimi au unaibeba wewe?

Mgongo wa Chuma: Mimi nabeba abiria. Nawabeba kutoka botini hadi nchi kavu ili viatu visilowe, na wengine wazito kweli, Mungu ananiona. Hii habari ya boti kurudi nyuma ni njama. Wakishaweka ubao kutoka nyuma ya boti, abiria anashuka mwenyewe anatembea kama bibi harusi. Sisi vijana thelathini tunakwenda wapi?

Afande Mstaafu: Mwanangu, huo nao utakuwa mjadala wa kazi, si wa nanga.

Mgongo wa Chuma: Afande, wewe una pensheni.

Bwana Tanga: Ubao nao unataka tezi iliyo thabiti. Boti ikiyumba, bibi harusi wako anaoga. Na kuna jambo hamjaligusa: boti ishirini zikiangusha nanga mbele, kamba zitapishana chini. Wa kwanza kuondoka alfajiri anang'oa nanga ya jirani pamoja na yake. Mediterania wanatukanana kwa lugha saba kwa sababu hiyo. Dawa ni kuangusha nanga moja kwa moja mbele yako, si mshazari, na aliyewahi kuingia asiwe wa kwanza kuamshwa.

Injini40: Wewe umefika huko Mediterania?

Bwana Tanga: Nimefanya kazi melini miaka kumi na moja. Jikoni.

Injini40: Jikoni! Nyie, tunafundishwa kutia nanga na mpishi!

Bwana Tanga: Mpishi ndiye wa kwanza kujua nanga ikikokota. Sufuria zinaanza kuhama.

Jirani wa Bukoba: Hiyo nimeikubali 😂😂

Mama Mukene: Narudia kwa mara ya tatu. Magunia sita yamelowa. Wimbi linaingilia wapi, mbele au nyuma?

Masese Junior: Nyuma, mama. Ukiingiza pua ufukoni, nyuma ndiyo inayolikabili ziwa, na nyuma ndiko kulikokatwa.

Mama Mukene: Kwa hiyo kamati wako sahihi?

Injini40: Kamati wako sahihi kwa bahati. Wao walikuwa wanahesabu nafasi.

Mgongo wa Chuma: Mama, mukene mbichi gunia zito kiasi gani? Nataka kujua bei ya kubeba.

Mwana wa Mwalo: Jamani, nina kamba ya mita 8 tu na nanga ni jiwe. Kesho naanzia wapi?

Bwana Tanga: Dukani.

Injini40: Kesho Jumapili, wamefunga. Njoo kwangu nikuazime, lakini uirudishe ikiwa kavu.