Mrejesho: usomaji wa RNA uliolalia mwisho wa 3′

Wadau, nimerudi. Niliuliza kwa nini usomaji (vipande vilivyosomwa na mashine ya mfuatano) wa baadhi ya sampuli zetu za RNA, yaani nakala za jeni, umerundikana mwisho wa 3′ (mwisho wa nakala), huku 5′ (mwanzo wake) ikiwa karibu tupu. Asanteni sana, hasa mlionisukuma nidai vipimo vya RIN (alama ya 1 hadi 10 ya uzima wa RNA) kwanza.

Maabara ya hapa Nairobi ilivituma, na jibu lilikuwa pale pale: sampuli zenye mrundikano huo ziko chini ya 5, nzuri zimepita 8. Maktaba (vipande vilivyoandaliwa kusomwa) ilitengenezwa kwa kunasa mkia wa poli-A, mfululizo wa herufi A ulio mwisho wa 3′, kwa hiyo RNA iliyokatika huacha kipande cha 3′ tu kwenye shanga za kunasia. RSeQC (programu ya kukagua ubora wa usomaji) nayo ikanipa TIN, alama ya uzima wa RNA inayokokotolewa kutoka usomaji wenyewe, iliyofuata mpangilio uleule.

Sampuli mbovu kabisa nimeziondoa, na TIN nikaiingiza kwenye modeli ya DESeq2 (programu ya kulinganisha utendaji wa jeni kati ya makundi). Orodha ya jeni sasa inaeleweka. Uchambuzi wa isofomu (matoleo tofauti ya RNA ya jeni moja) umegonga mwamba, maana hakuna hesabu ya kurudisha 5′ ambayo haikusomwa (nilijaribu, msicheke). Aliyeshauri kuondoa RNA ya ribosomu badala ya kunasa poli-A, njia isiyotegemea mkia, nakubaliana naye; mabaki ya sampuli yako kwenye friza, bajeti ndiyo tunangoja.