Matembezi ya kujitolea Aberdare: je, kilele na wanyama huwezekana kwa siku moja?

Msimamizi wa kikundi, Thika

Salamu kwenu nyote. Kikundi chetu cha watu wapatao thelathini hupanda vilima karibu kila mwezi, na waongozaji wetu wote ni wanachama wanaojitolea bila malipo. Mwezi Februari tunakusudia kupanda Elephant Hill, upande wa Kinangop wa safu ya Aberdare. Safari hii wanachama wengi wameomba kwamba, pamoja na kufika kileleni, tutenge nafasi ya kutazama wanyama na ndege, kwa kuwa safari zilizotangulia zimetuachia picha za kilele na matope tu. Je, mambo haya mawili yanaweza kuunganishwa katika siku moja? Na mwongozaji wa kujitolea ajue nini kabla ya kubeba dhamana ya watu wengi kiasi hicho katika msitu wenye ndovu na nyati?

Mwongozaji wa kujitolea, Nairobi

Ndugu Msimamizi, kwa maoni yangu hayaunganiki, na kujaribu kuyaunganisha huwaudhi wote. Kilele hicho kiko takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, na anayetaka kukifikia na kurudi kabla ya giza hana budi kwenda kwa mwendo usiomruhusu kusimama robo saa chini ya mti mmoja. Ilhali kutazama wanyama ndiko kusimama kwenyewe. Isitoshe, watu thelathini wanaopiga soga na kugonga mawe kwa fimbo husikika mbali sana, na mbega watakuwa wamekwisha kuhama kabla hamjafika.

Gawanyeni kikundi. Wanaotaka kilele waondoke alfajiri pamoja na askari wa misitu wa kuwalinda, nao wapenda wanyama, wasiozidi wanane, wabaki katika msitu ulio chini ya ukanda wa mianzi, ambako kwa hakika kuna mengi zaidi ya kuona: mbega na kima, hondohondo, na ndege aitwaye shorobo, ambaye akitulia tawini humwoni, lakini akiruka wekundu wa mbawa zake humsaliti. Ndani ya mianzi macho hayafiki mbali, kwa hiyo huko mtasoma zaidi ishara: nyayo, vinyesi, mianzi iliyovunjwa na magome yaliyochunwa. Kumbukeni kwamba njia mnayoifuata mle mara nyingi ilifunguliwa na ndovu, na bado wanaitumia. Mkikuta kinyesi kibichi, simameni na kunyamaza, na askari ndiye aamue kama mtaendelea.

Msimwahidi mtu yeyote kwamba atamwona bongo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye milia. Waliosalia porini nchini Kenya wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja, wanaishi ndani ya vichaka vizito, na hata watafiti huwategemea sana wasaidizi wasiochoka, yaani kamera za kutegwa zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo.

Mkazi wa Njabini

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ameligusia kwa haraka mno suala la askari. Mwongozaji wa kujitolea hachukui nafasi ya askari mwenye silaha, hata awe ameipanda njia ile tangu ujana wake. Andikeni mapema kwa ofisi ya misitu ya Njabini, mtaje idadi ya watu na kwamba mtakuwa makundi mawili, ili kila kundi lipate ulinzi wake. Anayewatia hofu wenyeji zaidi ni nyati dume mzee anayeishi peke yake, kwa kuwa yeye hujificha kimya hadi umkaribie kabisa. Ndiyo maana sielewi wanaotembea msituni wakiwa wameziba masikio kwa muziki.

Jambo jingine ni desturi ya kumwacha aliyechoka kando ya njia kwa maneno kwamba "tutampitia tukirudi". Naipinga kabisa. Katika urefu ule mtu anaweza kupatwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa sababu ya upungufu wa hewa, na ukungu ukishuka hataijua njia. Ateremke mara moja, akiwa na mwenzake na askari.

Msimamizi wa kikundi, Thika

Nashukuru sana. Je, wale wanaotaka wanyama pekee wanaweza kupelekwa mahali pengine katika safu hiyo hiyo, wasilazimike kuingia msituni?

Mwalimu wa biolojia, Nyeri

Wapelekeni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, kwenye nyanda za nyasi zilizo juu ya mianzi, kwa maana gari hufika hadi mita 3,000 hivi na nguvu zote hubaki kwa ajili ya kutazama. Kwale wa Jackson hutembea kando ya barabara, ndege wadogo waitwao chozi, wenye mikia mirefu, hutembelea maua ya lobelia kubwa, na mkiwa na bahati mtamwona mondo, aina ya paka-mwitu, ambaye huko wengine huwa weusi tititi. Ili kutembea kwa miguu, ombeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, langoni, na muwe mmefika asubuhi mapema kabla ya mawingu kupanda.

Kuhusu waongozaji wenu, wahudhurie kwanza matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege ambayo Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, huandaa jijini Nairobi; ni njia nafuu ya kuzoesha sikio kutambua ndege kwa sauti. Darubini moja kwa watu wawili yatosha, isipokuwa mwongozaji wa nyuma kabisa, ambaye ni vyema awe na yake, kwani mnyama aliyejificha huenda akavuka njia baada ya walio mbele kupita.