Je, konde na siku mbili zilifanya utumwa wa pwani kuwa mpole?

Ndugu zangu, kila tunapozungumza hapa Nairobi juu ya mashamba ya pwani, hatukosi kuambiwa kwamba utumwa wa Unguja, Pemba na Malindi haukuwa mkali kama ule wa mashamba ya miwa ya Karibea, kwa kuwa mtumwa alikuwa na konde lake, yaani kishamba cha kulimia chakula chake, na siku zake za kukilima. Naipinga hoja hiyo, ingawa msingi wake una ukweli.

Desturi katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja ilikuwa kumtumikia bwana siku tano, kisha Alhamisi na Ijumaa mtumwa alime muhogo wake. Lakini muhogo huo ulimlisha nani? Ulimlisha mtumwa yuleyule, apate nguvu za kurudi kwenye kazi ya bwana, ambaye kwa njia hiyo aliepuka gharama ya kumlisha. Tena msimu wa karafuu haungoji mtu: zisipochumwa kabla hazijachanua hupoteza thamani, kwa hiyo watumwa walipanda miti ambayo matawi yake hukatika upesi, kisha wakazitenga karafuu na makonyo (vikonyo vyake) na kuzianika, huku msimamizi na wasaidizi wake, nokoa na kadamu, wakiwaangalia. Malindi, iliyofufuliwa enzi za Seyyid Majid, sultani wa Unguja, kazi ilikuwa ya jembe la mkono katika mtama na ufuta, na kila mtu alipimiwa ngwe yake, yaani kipande cha shamba cha kumaliza kulima.

Wanaosema upole wanieleze pia habari za watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao. Walijijengea makao yao Fuladoyo, bara ya pwani ya Kenya, na wengine wakakimbilia misheni ya Kikristo ya Rabai, karibu na Mombasa, kwa wingi hata, kufikia mwanzo wa 1889, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipa mabwana ili watoro zaidi ya elfu moja wapewe hati za uhuru. (Aliyelipwa, mtaona, si aliyelima.)

Mtindo huohuo ulifuatwa utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907: fidia ilitengwa kwa wamiliki, na waliofanya kazi hawakupewa ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, ya kuandikisha wenye ardhi, ikafuata, na wengi waliokuwa wakilima makonde hayo wakabaki maskwota. Basi ndugu wanaoshikilia kwamba konde lilikuwa la mtumwa watuonyeshe ni kwa nini, siku ya kuandikisha ardhi, halikuandikwa jina lake.