Tupeane uzoefu: umepanda meli au kivuko kwenda kutembea visiwani, uliona nini?

Mtoto wa Kirumba
Mwangaluka wakuu. Mwezi wa kumi na mbili napokea wageni hapa Mwanza kutoka Dodoma, wanataka Ziwa Victoria, na sio ziwa la kuangalia umekaa Capri Point na soda mkononi, wanataka wapande chombo wavuke waende mahali. Sasa mimi hapa nikiambiwa nitaje vivutio naishia Jiwe la Bismarck na Mwaloni. Walioenda Ukerewe, Ukara, Saanane, Bukoba au popote, mwageni. Mambo ya gesti nitatafuta mwenyewe, nataka mlichokiona kwa macho.

Mjukuu wa Nansio
Mkuu wapeleke Ukerewe ila wasigeuze haraka. Watu wanashuka Nansio mchana, wanakula sato pale karibu na bandari, wanapiga selfi mbili kesho alfajiri wako melini halafu wanakuja kusema Ukerewe hakuna kitu. Ndugu yangu, hicho ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwa zima, utakimalizaje ukiwa bandarini? Chukua boda ya siku nzima, patana bei kabla hujapanda, pitia Bukindo uone ile nyumba ya zamani ya watemi, halafu panda Handebezyo. Kule juu ni mawe na upepo tu, ziwa unaliona mpaka macho yanachoka. Msimu wa machungwa ukiwakuta nunueni barabarani, msisubiri kuja kuyanunua mjini.

Dada wa Igoma
Naunga mkono hapo juu, ila mimi kilichonikaa moyoni ni Ukara. Ukitoka Nansio unavuka kisiwa kizima mpaka Bugolora, pale unapanda kivuko tena. Ukishuka Bwisya usiende mbio kwenye lile jiwe linalocheza, angalia kwanza mashamba. Hakuna pori, hakuna kipande kimekaa bure, kila jaruba lina mtu wake. Ng'ombe hawaachiwi wazurure, tulikaribishwa kwa mama mmoja tukakuta dume limesimama kwenye shimo ndani ya zizi, majani linakatiwa linaletewa, samadi ikijaa shimo linapanda juu taratibu na ng'ombe naye anapanda nayo, halafu inatolewa yote inapelekwa shambani. Wakara wanalima hivyo toka enzi na enzi maana ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Mama wa watu akatucheka tulivyokuwa tunapiga picha samadi.

Jiwe linalocheza nalo tulifika. Kuna mzee anayelisimamia, hamgusi kitu mpaka aseme yeye, watu wanaimba, analisemesha kwa Kikara, halafu mnatulia mnaangalia. Mimi nililiona linanesa kabisa, shemeji yangu akasema ni macho yangu tumebishana mpaka Bugolora na mpaka leo hatujaelewana. Nendeni mkajionee.

Na pale Bwisya kuna makaburi ya wenzetu wa MV Nyerere, ile iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imebakiza hatua chache kufika gatini. Zaidi ya watu 220. Simameni kidogo.

Fundi Mabatini
@Dada wa Igoma hapo umegusa. Sisi tulioishi Mwanza mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama, tukipanda chombo cha kwanza ni kutafuta jaketi okozi ziko wapi, habari ya mandhari baadaye. Kuna boti moja siitaji jina tulipanda familia nzima, tumejazana mpaka kwenye ngazi, nikauliza jaketi, kijana akanijibu "mzee tulia ziwa leo limelala". Nilishusha familia yangu nauli ikaliwa. Kwa hiyo wewe mwenye wageni, ukiona watu wamezidi shuka, kuna kesho.

Kaka Mhaya
Mnasahau Bukoba au? MV Victoria inatoka Mwanza usiku, unalala ndani, asubuhi uko kwetu. Ni meli ya mwaka 1961 hiyo, ilikaa gereji miaka ikarudi majini 2020. Chukueni kabini kwa ajili ya wazee lakini nyie msilale mapema, tokeni nje. Kama ni siku za giza mtaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji umejengwa juu ya maji. Mwezi ukiwa mpevu hamuoni kitu maana dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika nchi kavu. Kwa hiyo angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi, hii hakuna atakayewaambia pale dirishani.

Kabla ya Bukoba mnasimama Kemondo, kulipokucha hivi, ndizi na watu kelele tupu. Halafu Bukoba yenyewe mnaipata na kile kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji. Na mwezi wa kumi na mbili senene bado wapo wapo, wageni wa Dodoma wakigoma kula niletee mimi.

Mama Watatu
Wenye watoto wadogo Saanane inatosha jamani. Boti ni dakika chache tu, ni hifadhi ya taifa kabisa toka 2013, pimbi wamejaa kwenye mawe wanaota jua hawana habari na mtu, swala wapo, mamba ndo sababu ya kumshika mtoto mkono. Asubuhi nenda mapema, mchana yale mawe yanawaka moto.

Mtoto wa Kirumba
Asanteni sana wakuu, nimeshaona inaenda kuwa Nansio siku mbili na Ukara. Swali, wageni lazima watataka kuogelea, inakuwaje?

Mjukuu wa Nansio
Kichocho kipo mkuu, visiwani hasa. Maji yaliyotulia yenye majani na konokono msiingie hata miguu. Wakishaoga ndo wameoga, wakirudi Dodoma baada ya wiki kadhaa wakapime na dawa ipo. Halafu rudini kwa njia ya Rugezi, kile kivuko cha kwenda Kisorya ni kifupi halafu mnapita Bunda na lami mpaka mjini, mtaona upande mwingine wa ziwa.

Fundi Mabatini
Jaketi uliza na huko Rugezi pia.