Kundi la nyuki linajiandaa kugawanyika: nikate seli za malkia, nigawe mzinga, au niache liende?

Mfugaji wa Sikonge:
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina mizinga 14 ya viunzi vya kuchomoa, vinavyobeba masega. Katika mmoja wao nyuki wamekuwa wakining'inia mlangoni kama ndevu hata saa za baridi, na nilipoufungua juzi baada ya machweo nilikuta madume wengi, majana (watoto wa nyuki) yamejaa kila sega, na pembezoni mwa masega mawili seli 11 za malkia, yaani vyumba vya kulelea malkia wapya, zimening'inia mithili ya karanga ambazo hazijamenywa. Nne zilikuwa zimeshafungwa kwa nta. Naomba mnilinganishie: nikate seli zote, nigawe kundi, au nitundike mizinga mitupu na kuliacha liondoke lenyewe?

Mzee wa Magome, Urambo:
Liache, kijana wangu. Sisi tuliolelewa na mizinga ya magome na magogo, ambayo haifunguki kukaguliwa, hatujawahi kukata seli yoyote. Tunapaka nta ndani ya mizinga mitupu, tunaitundika mitini kabla miombo haijachanua, na kundi linalotoka huku huingia kule. Hasara ipo, sikatai, kwa kuwa mzinga uliotoa kundi hubaki na nyuki wachache na asali yake hupungua, tena nyuki waliotoka wanaweza kuingia mzinga wa jirani.

Fundi Nyuki, Kasulu:
Mzee, shikamoo. Njia yako inafaa kwa mizinga mingi iliyosambaa msituni, lakini ndugu yetu ana mzinga unaofunguka, na hizo seli nne zilizofungwa ndizo zinazonitia wasiwasi. Seli ya malkia hufungwa kati ya siku ya nane na ya tisa tangu yai kutagwa, na mara nyingi malkia mzee huondoka na kundi la kwanza wakati huohuo, hali ya hewa ikiruhusu. Kwa hiyo, kabla ya kushika kisu, tafuta mayai. Yai huanguliwa baada ya siku 3; ukiyaona, malkia alikuwamo ndani ya siku hizo. Usipoona mayai wala majana machanga, ukakata seli zote, umelinyima kundi malkia na mbegu ya kumpata mwingine, nalo litakufa taratibu huku wewe ukidhani umelizuia. Kukata kunasaidia mapema tu, seli zikiwa bado vikombe vyenye mayai, na hata hapo ni kuahirisha iwapo nafasi haikuongezwa.

Mama Asali, Uyui:
Naunga mkono, na ninaongeza lililonipata. Mwaka jana nilikata seli kila wiki kwa mwezi mzima. Nyuki wetu hawavumilii kufunguliwa mara kwa mara. Siku ya mwisho nilikuta masega matupu na siafu. Hawakugawanyika, walihama wote.

Sasa ninagawa. Malkia ninamhamishia mzinga mpya pamoja na masega manne ya majana na mawili ya asali, kisha ninakung'utia humo nyuki wa masega mengine mawili, kwa sababu wale wazoefu wa kuruka watarudi mzinga wa zamani. Kule kwa zamani ninabakiza seli mbili nzuri tu. Ukiacha zote 11, malkia wachanga nao wanaweza kutoka na makundi madogo madogo. Baada ya hapo siufungui kwa wiki tatu, ili malkia mpya atoke, apandwe na kuanza kutaga. Ila ukikuta seli moja au mbili katikati ya sega, na kundi halijabanana, usiziguse: huenda wanambadilisha malkia aliyechoka.

Mfugaji wa Sikonge:
Asanteni. Jana jioni nilikagua tena. Sega la tano lilikuwa na mayai, na malkia nilimwona, tumbo limepungua, akitembea upesi pembeni mwa kiunzi. Nimegawa kama alivyoelekeza Mama, na seli nilizobakiza ni mbili ambazo hazijafungwa, ili nipate muda. Mzee, nta nayo nimeshaiyeyusha. Mizinga miwili mitupu itapanda mtini kesho.

Mzee wa Magome, Urambo:
Marahaba, Fundi. Wewe wa Sikonge, itundike juu, mbali na nyegere.