YULE FUNDI KANIWEKEA BLUETOOTH KWENYE REDIOGRAMU YANGU!!!

Wakuu, mkiona herufi zimerukaruka mjue ni hasira, mikono inatetemeka.

Mnamjua. Kila mpenzi wa santuri hapa Dar ameshapita kwenye kile kibanda, akakalishwa kwenye lile benchi lenye mguu wa tofali, akaambiwa "njoo kesho". Jina sitaji. Yule mwenye miwani ya kamba. Yule ambaye ukimpelekea redio mbili unarudi na moja na nusu. Huyo huyo.

Nilimpelekea Grundig yangu ya miaka ya 60, ile ndefu ya mbao kama jeneza la tajiri, redio na santuri ndani ya kabati moja. Niliinunua Upanga kwa mama aliyekuwa anaitumia kuwekea TV. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: lile gurudumu dogo la mpira linalosukuma sahani limekauka kwa uzee, linateleza, basi kila mwimbaji anaimba kama hajala tangu jana. Nikamwambia, fundi, lisugue taratibu na msasa laini, kingine usiguse. USIGUSE. Akajibu, "Kazi ndogo hiyo, bosi."

Leo naenda kuichukua, nakuta kaifunika shuka. SHUKA, wakuu, anasubiri mgeni rasmi aizindue. Akalivuta, akatabasamu meno yote, akasema: "Bosi, nimekuboreshea."

Nimekuboreshea!

Kile kioo cha mbele chenye majina ya miji, Hilversum, Luxembourg, Beromünster, kakitoboa tundu la mstatili. Kikapasuka, ufa kauziba na gundi, na pale katikati kachomeka kile kidude cha flashi na bluetooth kinachouzwa barabarani pamoja na chaja. Akakiwasha. Taa nyekundu, taa bluu, taa za kukimbizana, halafu dada wa Kichina akapaza sauti kutoka tumboni mwa Grundig: "BLUETOOTH MODE!"

Nikauliza, lile jicho la kijani liko wapi, lile linalojifumba polepole ukiipata stesheni sawasawa? "Lilikuwa linakula umeme." Vali zangu za kukuza sauti, EL84, je? "Zile taa za ndani? Kachukua mtoto, anachezea." Mtoto anachezea EL84! Zilikuwa nzima! Hata zingekufa, Urusi na Slovakia wanazitengeneza mpaka leo, ningeagiza. Sasa ziko uani zinapikiwa ugali wa mchanga.

Mkono wa santuri upo. Sindano ipo, ile ya kugeuza, upande huu wa sahani za kale za mizunguko 78 kwa dakika, upande huu wa LP. Ila waya zake hazijaungwa popote, sahani inazunguka kimya. Na lile gurudumu? HAJALISUGUA. Linateleza vilevile. Kisha akanidai hela ya maboresho.

Mtu mzima, ananitazama usoni, mkono uko juu ya mbao yangu, ananiambia nimekuboreshea.

---

Mzalendo wa Kona: Hamna picha, hamna uzi.

Kaseti Imenasa: Pole mkuu. Ila ulipoona shuka, ulitegemea nini?

Bint Pangani: Nimecheka mpaka mume wangu kauliza nachati na nani. Umeme ukirudi saa nane za usiku huyo dada anajitangaza?

Mleta uzi: Anajitangaza. Mama mkwe yuko kwangu. Nisikuambie zaidi.

Volti Mia Mbili: Tuseme ukweli, hiyo redio ilikuwa inashika nini? Grundig nyingi za wakati huo FM inaishia 100, stesheni zote za juu ya hapo ulikuwa huzipati. Sasa unapata mpaka kaswida kwenye simu. Mlipe mzee wa watu.

Mleta uzi: Sikuinunua nisikilize matangazo ya mikopo. Nina sahani ndogo za lebo ya Polydor za Nairobi, kasha zima. Nikazipige kwa bluetooth?

Volti Mia Mbili: Zipige picha, uzitume WhatsApp 😂

Jirani wa Ferry: Wakuu naombeni namba ya huyo fundi. Nina redio ya marehemu babu, nataka iwekwe bluetooth na taa kama hizo. Niko serious.

Shemeji Kanitumia: Afadhali yako fundi ni wa hapa, unaweza kwenda kumfokea. Mimi shemeji alinitumia ya Kimarekani kwa meli, redio, santuri na kaseti humo humo. Nikanunua transfoma ya kushusha umeme hadi 110, nikajiona injinia. Naweka sahani, mwimbaji anaimba kama katoka kilabuni. Kumbe umeme wao unabadilika mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, wetu 50, na mota ya santuri inafuata hezi, haijali volti. Kila wimbo unapungua mwendo kwa moja ya sita. Shemeji namwambia, ananijibu "huku ilikuwa inaimba vizuri".

Kaseti Imenasa: Inatibika hiyo. Mtafute fundi mashine akuchongee puli nene zaidi ya ile ya kwenye mota.

Shemeji Kanitumia: Fundi gani? Yule wa shuka?

Otis wa Eastlands: Niaje wadau. Huku River Road, Nairobi, nilipeleka yangu, ya rekodi na kaseti pamoja, belt ilikuwa imeyeyuka ikakuwa lami. Jamaa akaweka rababendi ya kufunga pesa. Asubuhi inacheza poa, jua likiwaka inaanza kulia kama mbuzi. Akaniambia ni rekodi imechoka.

Mama Sarafina: Nyie mnalilia redio! Fundi cherehani wangu kanitilia mikono ya puto kwenye gauni la sendofu ya mdogo wangu. Mikono haikuwepo kwenye picha niliyompa. Eti kaona nitapendeza.

Bint Pangani: Ni yule wa Magomeni mwenye cherehani mbili mlangoni?

Mama Sarafina: Huyo huyo!! Unamjua?

Bint Pangani: Namdai vitenge viwili tangu Idi. Kimoja nimekiona kwa mkewe, kashona na kilemba.