Pamba inasema ukoma, kinyama kinasema hapana. Nifuate kipi?

Mpole77: Wakuu, heshima kwenu. Nina mabaka mawili, moja mgongoni, jingine mkononi. Yamepauka, hayawashi. Tabibu aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa na ncha ya pamba nimwonyeshe alipogusa. Kwenye baka la mkono sikuhisi kitu. Akasema ni ukoma, akanipa dawa za miezi 12. Nikaenda kwingine, nikakatwa kinyama cha ngozi, majibu yakasema vimelea havijaonekana. Nimwamini nani?

Dada Subira: Pole mdogo wangu. Ukoma si laana. Usijifiche, na sala usiache.

Kobe Mzee: Shemeji yangu alipaka dawa ya fangasi mpaka akachoka, kumbe ukoma. Alipona kabisa. Siku hizi hatusalimiani, ananidai.

Hadubini: Tuache madeni kwanza. Mpole, kinyama kilikatwa baka lipi, na kwa kina gani? Kikichukuliwa juujuu hakifiki kwenye vineva vya ngozi, yaani mishipa midogo ya fahamu, na huko ndiko ugonjwa ulipo. Halafu ukoma wa mabaka machache una vimelea haba, unaweza usione hata kimoja. Kipimo hicho kikikuta kitu kinathibitisha. Kisipokuta, ganzi yako iko palepale.

Mpole77: La mgongoni. La mkono nilikataa, kovu lingeonekana.

Kobe Mzee: Duh! Yaani unaumwa jino unapiga picha goti.

Chujio: CHAI. Mabaka yasiyozidi matano ni dawa za miezi 6. Hiyo 12 imetoka wapi?

Mzee wa Kona: Nilijua tu. Watu wanatunga nyuzi humu.

Hadubini: Chujio, taratibu. Hata baka likiwa moja, mshipa wa fahamu ukishavimba unahesabiwa kundi la vimelea vingi, ndiyo hiyo 12. Mpole, alikushika kiwiko, mshipa unapopita?

Mpole77: …Alishika. Alibonyeza nyuma ya kiwiko nikaruka. Na kidole cha mwisho hakinyooki vizuri, ila kuandika naandika. Dawa ninazo, sijafungua. Nasikia klofazimini, moja ya dawa hizo, inatia ngozi weusi, nyumbani wataniuliza. Nimeshaamua nikate kinyama cha pili kwanza. Mtu hamezi dawa mwaka mzima kwa sababu ya pamba!

Dada Subira: Kumbe hata mkeo hajui?

Mpole77: Hayo tuyaache.

Hadubini: Si pamba peke yake. Ni baka lenye ganzi pamoja na mshipa uliovimba. Weusi hupungua ukishamaliza dawa, kidole kikishakunjika ni shughuli nyingine. Kinyama cha pili kata ukitaka, ila rudi kwa tabibu sasa hivi apime nguvu za mkono. Mshipa ukiuma namna hiyo huenda ukahitaji prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na hiyo usijipangie mwenyewe.

Mpole77: Nitafikiria.

Kobe Mzee: Chujio, umeyeyukia wapi?

Chujio: Nipo. Bado nataka picha ya pakiti.